Injini Inayofunguka kwa Urahisi: Akiba Isiyoonekana Katika Umeme na Usafiri wa Anga

NGERENGERE, Morogoro

Katika mji mdogo wa Ngerengere, mkoani Morogoro, historia ya usafiri nchini inaonekana kwa mtazamo mmoja. Ipo reli ya kati ya zamani, ambayo ilifika Morogoro kutoka Dar es Salaam mwaka 1907. Ipo stesheni ya Reli ya Kisasa (SGR), ambayo treni zake za umeme zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 14, 2024, zikiwa na uwezo wa kufikia mwendo wa kilomita 160 kwa saa. Ipo pia kambi ya Jeshi la Anga, ambayo imeufanya mlio wa injini za ndege kuwa jambo la kawaida kwa wakazi wa eneo hilo.

Treni ya umeme na ndege ya jeti ni vitu viwili vilivyo mbali kwa sura, lakini vinakutana mahali ambapo wengi hawapafikirii. Umeme unaoendesha treni hutoka katika Gridi ya Taifa kupitia njia ya msongo wa kilovolti 220 inayotoka Kinyerezi, Dar es Salaam, hadi Kingolwira, Morogoro. Sehemu ya umeme wa gridi hiyo hufuliwa na mitambo ya tabaini za gesi, ambayo kwa asili yake ni ya ukoo mmoja na injini za ndege za jeti. Mitambo hiyo inapokuwa nzima, hakuna anayeikumbuka. Inapohitaji kufunguliwa, kila siku ya ziada inayotumika katika kuifungua na kuifunga hugeuka kuwa pengo katika gridi.

Pengo hilo si nadharia. Mwaka 2023, nchi ilipopita katika kipindi cha mgao wa umeme, maelezo ya Serikali yalitaja sababu mbili zilizokwenda pamoja: kupungua kwa maji katika mabwawa na mitambo kuhitaji matengenezo. Tangu Februari 2024 Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji limeanza kubadili hali hiyo kwa mitambo yake tisa ya megawati 235 kila mmoja, yaani jumla ya megawati 2,115. Hata hivyo, maji hufuata mvua. Mkazi wa Ngerengere anaujua ukweli huo kupitia mto unaobeba jina la mji wake, unaoteremka kutoka Milima ya Uluguru na kumwaga maji yake katika Mto Ruvu, na ambao hujaa masika na kunywea kiangazi. Mitambo ya gesi ndiyo inayopaswa kuwa tayari maji yanapopungua, na utayari wake unategemea kwa kiasi kikubwa swali moja la kiufundi: je, inafunguka kwa urahisi?

Kilichomo ndani ya tabaini ya gesi

Tabaini ya gesi ina sehemu kuu tatu. Ya kwanza ni kompresa, yenye safu nyingi za mapanga madogo yanayozunguka kwa kasi, kuvuta hewa na kuigandamiza. Ya pili ni chumba cha mwako, ambamo hewa iliyogandamizwa huchanganywa na gesi asilia au mafuta na kuwaka bila kukoma. Ya tatu ni tabaini yenyewe, ambayo mapanga yake husukumwa na gesi ya moto inayotoka katika chumba hicho.

Zaidi ya nusu ya nguvu inayopatikana kwenye tabaini hurudishwa kuizungusha kompresa kupitia shafti. Nguvu inayobaki ndiyo yenye faida: katika kituo cha umeme huzungusha jenereta; katika ndege ya mapangaboi huzungusha pangaboi; na katika ndege ya jeti husukuma chombo mbele.

Mashine hii haina pistoni zinazopanda na kushuka, na kwa mtazamo huo ni rahisi kuliko injini ya lori. Ugumu wake umo katika joto na usahihi wa vipimo. Katika mitambo ya kisasa gesi inayoingia kwenye tabaini huweza kuzidi nyuzi joto 1,300 za Selsiasi, kiwango kinachokaribia au kupita kile ambacho aloi ya nikeli iliyotengenezea mapanga huanza kuyeyuka. Mapanga hayo husalimika kwa sababu yametobolewa njia nyembamba za kupitisha hewa ya kupoza na kupakwa utando wa kauri. Nafasi kati ya ncha ya panga na gamba la injini hupimwa kwa sehemu za milimita. Ikiwa kubwa mno, gesi hupita bila kufanya kazi; ikiwa ndogo mno, panga hukwaruza gamba.

Kwa nini kuifungua ni kazi

Fundi anayefungua injini iliyofanya kazi kwa maelfu ya saa hukutana na vikwazo vinavyojirudia. Cha kwanza ni bolti na nati za upande wa moto. Chuma kinachopashwa na kupozwa mara kwa mara hushikana, nyuzi za bolti huota kutu ya joto, na bolti ambayo siku ya kwanza ilifungwa kwa spana ya kawaida hukatika badala ya kulegea. Bolti moja iliyokatikia ndani inaweza kuchukua muda mrefu zaidi kuliko kazi iliyokusudiwa.

Cha pili ni sehemu zilizobanwa kwa makusudi. Diski na shafti huunganishwa kwa kubana ili zisicheze zinapozunguka. Kuziachanisha hulazimu sehemu ya nje kupashwa moto au ya ndani kupozwa sana, na nguvu ya nyundo haina nafasi hapo.

Cha tatu ni mpangilio. Injini nyingi za awali zilijengwa kama kitunguu: kuifikia beringi ya katikati kulihitaji kuondoa kwanza kila kilichoitangulia, hata kama kilikuwa kizima. Cha nne ni mabomba, nyaya na vifaa vidogo vinavyozunguka gamba la nje. Pampu ya mafuta iliyochakaa ikiwa imefichwa nyuma ya bomba la hewa na waya wa kihisio, fundi huondoa vitu vitatu ili kubadili kimoja. Cha tano ni urari. Sehemu inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika ikirudishwa bila kusawazishwa uzito wake, mtetemo huharibu beringi kwa muda mfupi.

Kwa hiyo, wabunifu wa injini hujiuliza maswali matatu tangu mchoro wa kwanza. Ni vitu vingapi vizima vitakavyoondolewa ili kukifikia kimoja kilichochakaa? Je, kazi hiyo inaweza kufanyika mahali injini ilipo, bila kuihamisha? Na je, inahitaji zana za kawaida au zana maalumu zinazopatikana kwa mtengenezaji pekee?

Njia mbili zinazoonekana Kinyerezi

Majibu ya maswali hayo yametofautiana, na Tanzania ina mifano ya njia zote mbili katika eneo moja la Kinyerezi.

Kituo cha Kinyerezi II, kilichozinduliwa Aprili 2018 na chenye uwezo wa takribani megawati 240, kinatumia mitambo sita ya gesi ya aina ya H-25. Hii ni mitambo mizito iliyobuniwa kwa ajili ya kukaa mahali pamoja. Gamba lake limegawanyika katikati kwa ulalo, nusu ya juu na nusu ya chini, kama sanduku lenye kifuniko. Wakati wa matengenezo makubwa bolti za ukingo hulegezwa, nusu ya juu huinuliwa kwa kreni, na mafundi hulifikia rota lote likiwa mahali pake. Faida yake ni kwamba kazi nyingi hufanyika hapohapo kituoni, na kila tengenezo ni darasa kwa mafundi wazalendo. Gharama yake ni muda, kwa kuwa mtambo hubaki umezimwa kipindi chote ambacho kifuniko kiko wazi.

Kuna jambo jingine. Kinyerezi II hutumia joto linalotoka katika mitambo ya gesi kuchemsha maji na kuendesha tabaini mbili za mvuke. Mtambo mmoja wa gesi unapozimwa kwa matengenezo, gridi haipotezi umeme wa mtambo huo tu, bali na sehemu ya umeme wa mvuke. Siku moja iliyookolewa katika matengenezo ina thamani kubwa kuliko inavyoonekana kwenye kibao cha mtambo mmoja.

Kituo cha Kinyerezi I kilifuata njia nyingine. Megawati zake 150 za awali zilitokana na mitambo minne ya aina ya LM6000, ambayo chimbuko lake ni injini ya ndege ya CF6-80C2. Injini za ukoo huohuo ndizo zinazoendesha ndege ya mizigo ya Boeing 767-300F iliyopokelewa nchini Juni 2023 kwa ajili ya Kampuni ya Ndege Tanzania (ATCL). Kwa kuwa ilizaliwa kwa ajili ya kuning'inia chini ya bawa, injini ya namna hii ni nyepesi na ilibuniwa kuondolewa ikiwa nzima. Katika kituo cha umeme huachanishwa na jenereta, hutolewa kwenye chumba chake, na injini ya akiba huingizwa badala yake. Mtambo unaweza kurudi kazini baada ya siku chache, huku injini iliyochakaa ikipelekwa karakana.

Njia hii hupunguza muda wa giza, lakini ina sharti lake. Lazima iwepo injini ya akiba, iwe ya kumiliki au ya kukodi, na lazima iwepo karakana iliyoidhinishwa ya kuipokea, ambayo mara nyingi iko nje ya nchi. Bila mambo hayo mawili, urahisi wa kuiondoa injini hauna maana, kwa sababu hakuna cha kuirudishia.

Funzo la ndege ndogo

Mfano unaofahamika zaidi wa injini iliyobuniwa kufunguka uko katika ndege ndogo aina ya Cessna Caravan, ambazo hutua katika viwanja vya changarawe vya hifadhi za Taifa, zikiwemo Mikumi na Nyerere. Ndege hizo hutumia injini ya PT6, iliyobuniwa Kanada, ambayo iliwaka kwa mara ya kwanza mwaka 1960 na ambayo hadi sasa zimetengenezwa zaidi ya 50,000 za aina zake mbalimbali.

Siri ya PT6 ni kwamba ina tabaini mbili zisizounganishwa kwa shafti moja. Tabaini ya kwanza huzungusha kompresa. Ya pili, ambayo iko huru, huzungusha pangaboi. Kinachoziunganisha ni mkondo wa gesi ya moto pekee. Kwa sababu hiyo, injini inaweza kugawanywa katika vipande viwili kwa kufungua duara moja la bolti. Nusu ya mbele huvutwa, na fundi huuona upande wa moto, yaani mapanga ya tabaini na chumba cha mwako, huku nusu ya nyuma ikiwa bado imefungwa kwenye ndege.

Kwa mwendeshaji wa ndege katika nchi kubwa yenye viwanja vingi vya porini, tofauti hiyo ni kubwa. Ukaguzi wa upande wa moto unaweza kufanyika katika karakana ya kawaida ya ndege bila kusafirisha injini nzima. Wabunifu hawakuongeza kifaa chochote cha ajabu. Walichagua tu mahali sahihi pa kuweka kiungo.

Moduli na mambo madogo yenye uzito

Wazo hilo lilipanuliwa katika injini kubwa za ndege za abiria. Injini ya RB211 ya Uingereza, iliyoanza huduma mwaka 1972, iligawanywa katika moduli saba. Kila moduli ni fungu kamili la injini ambalo husawazishwa peke yake karakanani na linaweza kubadilishwa na jingine la aina hiyohiyo. Moduli moja ikifikia mwisho wa muda wake, haizilazimishi nyingine sita kufunguliwa. Kumbukumbu za saa na mizunguko ya kazi hufuata moduli, si injini nzima, na hivyo sehemu zenye umri mdogo haziondolewi mapema.

Hata hivyo, mafundi wengi hukiri kwa vitendo kwamba wepesi wa kazi hutegemea zaidi mambo madogo. Ukingo wa gamba ukiwa na matundu machache yenye nyuzi za skrubu, fundi huingiza bolti humo na kuzikaza kwa zamu, na ukingo uliokwama huachia taratibu bila kupigwa. Nati ikishikizwa kwenye gamba lenyewe, haidondoki ndani ya injini. Bomba likifungwa kwa mkanda wenye bolti moja badala ya bolti kumi na mbili, muda hupungua. Mpangilio wa matundu ukikosa ulinganifu kwa makusudi, kipande hukubali kuingia upande mmoja tu, na kosa la kukigeuza huwa haliwezekani. Bolti za upande wa moto zikipakwa kilainishi kinachostahimili joto, tengenezo la miaka mitano ijayo huwa limerahisishwa siku ya kufunga.

Zaidi ya yote, gamba huachiwa vitundu vya kuchungulia. Kupitia vitundu hivyo kamera nyembamba huingizwa, rota huzungushwa polepole kwa mkono au kwa mota ndogo, na kila panga hupita mbele ya jicho la mkaguzi. Mara nyingi jibu la ukaguzi huo ni kwamba injini haihitaji kufunguliwa kabisa. Hiyo ndiyo nafuu kubwa kuliko zote.

Kufunga ni nusu ya kazi

Urahisi wa kufungua unaweza kuwa hatari usipoambatana na uhakika wa kufunga. Februari 23, 1995, ndege aina ya Boeing 737-400 iliruka kutoka East Midlands nchini Uingereza baada ya injini zake zote mbili kukaguliwa kwa kamera usiku uliotangulia. Vifuniko vya sehemu inayotumika kuzungushia rota wakati wa ukaguzi havikuwa vimerudishwa katika injini zote mbili. Mafuta ya kulainisha yalivuja na karibu kuisha, na rubani alilazimika kutua Luton. Hakuna aliyeumia, lakini uchunguzi ulibaini kuwa injini hazikuwashwa ardhini kwa ajili ya kuthibitisha kuwa hakuna uvujaji.

Tukio hilo linaeleza kwa nini ubunifu mzuri hujali pia macho ya fundi aliyechoka. Kifuniko kinachokosekana kinapaswa kuonekana kwa mbali. Zana zote zinapaswa kuhesabiwa kabla gamba halijafungwa. Fundi aliyeshughulikia injini ya kushoto asishughulikie ya kulia usiku huohuo, ili kosa moja lisirudiwe mara mbili. Taratibu za aina hii ndizo zinazosimamiwa nchini na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) kupitia leseni za wahandisi wa ndege na vibali vya karakana.

Urahisi una gharama yake

Haitakuwa sahihi kudhani kwamba injini yenye viungo vingi ni bora wakati wote. Kila kiungo kina bolti, na bolti zina uzito. Kila ukingo ni mahali ambapo hewa inaweza kuvuja. Ndiyo maana baadhi ya injini mpya zina diski na mapanga yaliyochongwa kutoka kipande kimoja cha chuma. Zimekuwa nyepesi na zinatumia mafuta kidogo, lakini panga moja likipigwa na jiwe, haliwezi kuchomolewa na kuwekwa jingine; hulazimu kusuguliwa na kulainishwa papo hapo au kubadili kipande kizima.

Aidha, ubunifu pekee hauondoi foleni. Novemba 2022 ATCL iliutaarifu umma kuwa ratiba zake zimeathirika baada ya baadhi ya ndege zake za Airbus A220-300 kusimama kutokana na hitilafu za injini aina ya PW1524G, tatizo lililowagusa pia waendeshaji wengine duniani. Injini zinapohitaji huduma kwa wakati mmoja katika nchi nyingi, na karakana zilizoidhinishwa ni chache, ndege husimama hata kama injini yake inaweza kushushwa kwa siku moja.

Linalopaswa kuulizwa kabla ya kununua

Kwa nchi inayonunua mitambo na haiitengenezi, nafasi ya kuamua iko mapema, katika hatua ya ununuzi. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inasisitiza thamani halisi ya fedha, na kwa injini ya tabaini thamani hiyo haimo katika bei ya siku ya kwanza pekee. Imo katika idadi ya siku ambazo mtambo utazimwa katika ukaguzi wa kila hatua, katika orodha ya zana maalumu zinazokuja na mtambo, katika haki ya kupata vitabu vya matengenezo, na katika uwepo wa injini au moduli ya akiba. Mambo hayo yakiandikwa kwenye mkataba, hupimika. Yakiachwa, hulipiwa baadaye kwa fedha za kigeni na kwa mgao.

Eneo la pili ni ujuzi. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) kinatoa mafunzo ya uhandisi wa matengenezo ya ndege, na vyuo vya ufundi stadi vya VETA, kikiwemo cha Kihonda mjini Morogoro, huwapa vijana msingi wa kazi za karakana. Fundi anayejua kukaza bolti kwa kipimo sahihi, kusoma mchoro na kuandika kumbukumbu bila kuruka hatua ana nafasi katika karakana ya ndege, katika kituo cha umeme na katika karakana ya treni. Ujuzi huo ndio unaoamua iwapo gamba la H-25 litafunguliwa na Watanzania peke yao au litasubiri wataalamu kutoka ng'ambo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika tabaini za gesi ufa huanza kama alama nyembamba kwenye panga moja, inayoonekana kwa kamera tu. Iwapo mbunifu aliacha kitundu cha kuchungulia, mnunuzi alidai vitabu na zana, na fundi amefunzwa kutambua anachokiona, alama hiyo hushughulikiwa katika wiki iliyopangwa, wakati mabwawa yamejaa na gridi ina ziada. Ikikosekana hatua mojawapo, hujitokeza yenyewe wakati wa kiangazi, na abiria wa Ngerengere ni mmoja wa watakaoisikia habari yake wakiwa stesheni.